Vidole Vitatu

Kati ya tairi na ukingo wa bodi kuna uwazi ambao mhandisi aliuacha makusudi. Kwenye sedani ya kawaida iliyoshuka melini ikiwa haijaguswa na fundi, vidole vinne vya mtu mzima huingia pale bila kubanwa. Kwenye Forester huingia ngumi. Mtu anaweza kumiliki gari miaka kumi, akaliosha kila Jumapili, na asiuone uwazi huo. Wapo wengine ambao siku moja, wakitoka dukani na mfuko mkononi, hulitazama gari lao kwa ubavu wakauona. Kuanzia hapo raha imekwisha. Gari lile lile walilolichukulia mkopo sasa linaonekana limeinuka kupita kiasi, miguu yake imekonda. Kwenye foleni ya Mwenge, Dar es Salaam, wanaanza kuyapima ya wenzao kwa macho: lile vidole vitatu, lile viwili, ile Altezza nyeusi kule mbele haina hata kimoja, tairi limezama ndani ya bodi.

Vidole ndicho kipimo cha gereji. Fundi wa Dar es Salaam hatajiwi milimita. Anaambiwa, "Mbele viwili, nyuma kimoja na nusu," naye anaelewa, maana na yeye ana vidole. Kipimo hicho kinaifaa kazi yenyewe, kwa sababu kinachotafutwa hapa ni mstari tu: tairi likutane na bodi pasipo hewa ya bure katikati, gari lionekane limeketi. Mimi nami nauona uwazi huo kila siku, kwa hiyo siandiki kama mzee aliyekaa barazani akiwacheka vijana. Nataka kujua tunanunua nini tunapouziba, na tunatoa nini badala yake.

Karibu kila mtu huanzia kwenye rimu. Inaeleweka, rimu hazitishi, ukizijutia unazifungua. Mtu anaingia Ilala au Kariakoo, anazikuta zimepangwa toka sakafuni hadi darini, nyingine zimekuja na kontena kutoka Japani zikiwa na mikwaruzo ya mwenyewe wa kwanza, nyingine mpya za China zinazong'aa mpaka zinaumiza macho. Muuzaji anauliza mawili: nati nne au tano, na inchi ngapi. Yapo mengine ambayo angepaswa kuuliza. Nati tano za Subaru nyingi zimepangwa kwenye duara la milimita 100, nati tano za Mark X kwenye duara la milimita 114.3, na jicho halioni tofauti mpaka nati inapogoma. Tundu la katikati nalo lina kipimo chake, 56.1 kwa Subaru, 60.1 kwa Toyota nyingi. Rimu yenye tundu kubwa kuliko habu huhitaji pete ya kujazia. Ikikosa, usukani unaweza kutetemeka kila ukishika kasi ya barabara kuu, na mwenye gari atabalansi matairi wee bila kupona.

Hesabu inayonivutia zaidi imeandikwa ubavuni mwa tairi, mahali ambapo wenye magari wengi hawajawahi kupasoma. Chukua 205/55R16. Upana ni milimita 205; ubavu wa mpira ni asilimia 55 ya upana huo, yaani kama milimita 113; rimu ni inchi 16. Ubavu wa juu, rimu na ubavu wa chini vikijumlishwa, kipenyo cha tairi zima ni milimita 632. Sasa panda inchi 17 kwa 225/45: milimita 634. Panda inchi 18 kwa 225/40: milimita 637. Ndivyo inavyotakiwa. Rimu ikikua, tairi hupunguzwa unene, ili duara zima libaki karibu palepale na spidomita isidanganye. Toka inchi 16 hadi 18 duara limeongezeka milimita 5 tu. Ubavu wa mpira, uliokuwa 113, umebaki 90.

Kwa maneno mengine, ukinunua rimu kubwa sawasawa na vipimo, hujanunua gurudumu kubwa. Umenunua aloi nyingi na hewa kidogo. Hapo ndipo wengi hushangaa. Wamefunga rimu mpya, wamelipa, wamerudi nyuma hatua tatu kulitazama gari, na uwazi uko palepale, vidole vinne vilevile. Tena sasa unaonekana zaidi, kwa kuwa jicho limevutwa kwenye gurudumu.

Wapo wanaokataa kushindwa. Wanachukua 225/45R18, tairi nene kidogo, kipenyo milimita 660. Uwazi unapungua kwa milimita 14, na matatizo yanaanza. Spidomita ikisoma 80 gari linakwenda kama 83 na nusu. Usukani ukikatwa mpaka mwisho, tairi linalamba plastiki ya ndani. Ukipakia watu wanne na mizigo, nyuma kunanuka mpira. Ikiwa rimu nayo imetoka nje, mambo ni mabaya zaidi. Subaru nyingi za zamani zilitoka kiwandani na ofseti ya karibu 50. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaogusa habu. Toa rimu ya upana wa inchi 6 na nusu yenye ofseti 50, weka ya inchi 8 yenye ofseti 35, na ukingo wa nje umesogea sentimita 3 na zaidi kuelekea barabarani. Picha inapendeza, sikatai. Beringi ya gurudumu inabeba mzigo huo usiku na mchana, na usukani unaanza kufuata kila mfereji uliochimbwa na malori kwenye lami.

Uzito sitaukalia sana. Itoshe kusema kwamba rimu rahisi ya inchi 18 huweza kuizidi ile ya kiwandani ya inchi 16 kwa kilo 2 au 3, na kilo ya gurudumuni si sawa na kilo ya buti: haibebwi na springi, tena inazungushwa, inasimamishwa, inazungushwa tena kila taa nyekundu. Anayetaka kujua kama rimu ni ya kuaminika atafute alama ya JWL iliyochongwa kwenye aloi, ambayo ni kiwango cha Japani cha rimu za aloi za magari ya abiria. Siku hizi hata alama hiyo hughushiwa. Fundi mmoja wa kunyoosha rimu aliwahi kunionyesha moja iliyopasuka upande wa ndani, ufa wa urefu wa kidole, umechomelewa na kupasuka tena pembeni ya palepale. Aliipiga kwa bisibisi, ikatoa sauti butu. Akachukua nyingine, kuukuu, imechakaa rangi, akaipiga: ililia kama kengele. "Hii imekuja na gari," alisema. Akairudisha chini bila kuongeza neno.

Basi rimu zikishindwa kuziba uwazi, linabaki kushusha gari. Lakini kabla ya kwenda huko lazima tuulize, ladha hii ilitoka wapi? Ilitoka kwenye mashindano, na huko ilikuwa na sababu zake. Gari likikata kona kwa kasi, uzito huhama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje, na kiasi kinachohama hutegemea kimo cha kitovu cha uzito ukilinganisha na upana kati ya matairi. Shusha kitovu, panua miguu, matairi yote manne yanaendelea kushika. Rimu kubwa nazo zilikuja kwa sababu ya breki: diski kubwa inapoa haraka na ina nguvu zaidi, lakini haiwezi kukaa ndani ya rimu ndogo. Ukiiona rimu ya inchi 19 yenye spoku nyembamba, na nyuma yake diski iliyokusudiwa rimu ya inchi 15, umeona geti la jumba mbele ya chumba kimoja na ukumbi.

Na hata huko mashindanoni hakuna aliyewahi kukubaliana kwamba kubwa ndiyo bora. Magari ya Formula 1 yalitumia rimu za inchi 13 kwa miongo mingi, hadi msimu wa 2021. Inchi 18 zilianza 2022. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yaliyoyatawala yalikuwa marefu. Peugeot 504, iliyoshinda mwaka 1975 na tena, kwa umbo la kupe la V6, mwaka 1978, ilipendwa Afrika Mashariki yote kwa miguu yake mirefu iliyomeza mashimo; walioipanda kwenda mkoani abiria saba kwa gari moja bado wanaisimulia. Halafu ikaja Subaru, bluu na rimu za dhahabu, ambayo Colin McRae aliiendesha hadi ubingwa wa dunia wa mwaka 1995. Rangi hizo mbili zimezaa ndugu wengi Nairobi na Dar es Salaam. Impreza ya bluu yenye rimu za dhahabu za inchi 18, iliyolala mpaka tumbo linakaribia lami, ni ibada kwa gari la rali.

Ila gari la rali lenyewe halikuwa hivyo. Katika ubingwa wa dunia wa rali rimu za inchi 18 ni za lami. Njia ikiwa ya vumbi na mawe wanafunga inchi 15, zenye tairi la ubavu mnene, na gari linainuliwa. Naivasha, tangu Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, wanapita hivyo hivyo: juu, rimu ndogo, mpira mwingi. Watu wenye fedha za kununua rimu yoyote duniani, wakiletwa kwenye ardhi yetu, wanachagua kile ambacho kijana wetu anakivua siku ya kwanza gari likitoka bandarini.

Ningeweza kuishia hapo na kusema vijana wamekosea. Nadhani ningekuwa nimewaelewa nusu. Anayeshusha gari hataki kushinda rali, hata kama ameazima rangi zake. Ili kuuona undani wa jambo hili inabidi tuondoke kwenye mashindano, twende mashariki mwa Los Angeles.

Huko, baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana wa Kimarekani wenye asili ya Meksiko walikuwa wakinunua Chevrolet kuukuu na kuzishusha. Walianza kwa mifuko ya mchanga kwenye buti. Wakakata springi. Wenzao wengine wa California wakati huo walikuwa wakiyapunguza magari uzito na kuyaongezea injini ili yakimbie. Wao waliyafanya ya chini na ya taratibu, yapite Whittier Boulevard jioni kwa mwendo wa mtu anayetembea, rangi ziking'aa, muziki ukisikika, wazee barazani wakiyaona vizuri. Mwaka 1958 sheria ya California ikakataza gari ambalo sehemu yake yoyote iko chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Mwaka uliofuata Ron Aguirre, kijana mwenye Corvette, akafunga pampu na silinda za haidroliki za ndege, vifaa vya mabaki ya jeshi: askari akionekana, gari linapanda, akipita, linashuka. Kutokana na hila hiyo ya kumkwepa askari ukazaliwa utamaduni mzima. Impala ya mwaka 1964 ikawa malkia wake. Na rimu za malkia huyo ni ndogo, za waya, inchi 13. Jimbo lilikuja kuifuta marufuku hiyo, pamoja na zile za mamlaka za miji dhidi ya misafara ya taratibu, kwa sheria iliyopitishwa 2023 na kuanza kazi tarehe 1 Januari 2024.

Watu wa Los Angeles walikiri jambo ambalo sisi tunalizunguka. Gari likishuka, linapoteza mwendo. Umbo limetoka kwenye kasi, lakini matokeo yake ni madaha. Wao waliyataka madaha tangu mwanzo na wakayajenga: wakatafuta barabara iliyonyooka, wakachagua siku na saa, wakapunguza mwendo kwa hiari. Sisi tunayapata bila kuyaomba, kwa mkono wa tuta.

Tuta la Dar es Salaam halina kipimo kimoja. Lipo lenye mgongo mpana lililopakwa rangi, ambalo hata gari la chini hulipanda kistaarabu. Lipo la zege lililomwagwa na wakazi wenyewe usiku mmoja baada ya mtoto kugongwa, fupi na kali. Zipo rasta, zile zinazopangwa tano tano kabla ya kivuko cha wanafunzi, ambazo kwa tairi lenye ubavu mwembamba zinapanda hadi kwenye meno. Mtazame mwenye gari la chini akilikaribia lile la zege. Anapunguza mwendo mita thelathini kabla. Anatazama kioo, anasogea kulia kabisa hadi karibu na mstari, anageuza usukani kushoto ili alipande kwa mshazari. Tairi la kulia mbele linapanda peke yake, gari linainama. Anasubiri. La kushoto linafuata. Sasa tumbo liko juu ya tuta na yeye ameacha kupumua; redio ameipunguza muda mrefu uliopita, kwa sababu anataka kusikia. Kama kuna mkwaruzo, anaujua ni wa nini: huo bomba la moshi, huo kinga ya injini, huo bampa. Nyuma yake daladala inapiga honi na konda ametoa kichwa dirishani kusema yake. Hageuki. Matairi ya nyuma yanashuka moja baada ya jingine, na gari linaondoka taratibu, limenyooka, linapendeza kweli.

Huyo, kwa maoni yangu, ni dereva makini kuliko wengi. Anajua kila tuta kati ya nyumbani na kazini kwa jina na tabia. Anajua geti la ofisi gani lina chuma kilichoinuka, na kituo gani cha mafuta kina mteremko mkali wa kuingilia. Mvua ikinyesha anajua njia ipi itakuwa na maji. Mwenye Land Cruiser havijui vitu hivyo hata kimoja. Amevipita vyote akiongea na simu. Sisemi hili kwa mzaha. Ukilishusha gari unakuwa umeamua kuigusa barabara kwa karibu, na barabara zetu hazisamehe kirahisi.

Mafundi wazuri wanalijua hili, na ndiyo maana swali lao la kwanza halihusu gari. Nimemsikia mmoja akimhoji kijana aliyeleta Mark X.

"Unakaa wapi, dogo?"

"Goba, kaka."

"Goba ya lami au Goba ya ndani?"

Kijana akakaa kimya kidogo. "Ya ndani. Ila lami inakuja."

"Basi na springi zako zije lami ikifika."

Wakacheka wote wawili, na mwisho wa yote walikubaliana sentimita 3, si 6 alizozitaka. Upande wa pili wa uwanja huohuo kulikuwa na Premio juu ya jeki ikifungwa spesa ili ipande. Ni hali ya kawaida kwenye gereji zetu: gari moja linainuliwa, jingine linashushwa, kwa mikono ileile, na yote mawili yametoka kiwandani na sentimita 15 hivi chini ya tumbo. Japani, gari la kawaida likipelekwa kwenye ukaguzi wa lazima, sentimita zisizopungua 9 ndizo zinazodaiwa kati ya tumbo na ardhi. Kwa hiyo yapo yanayofika bandarini yakiwa tayari yameshushwa na mwenyewe wa kwanza, na mnunuzi wa huku, bila kujua anarithi ndoto ya nani, analipa kuyarudisha juu.

Kuna njia moja ya kushusha ambayo siwezi kuitetea, nayo ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Fundi anatoa springi, anaweka alama ya chaki kwenye mzunguko wa kwanza au wa pili, anawasha grenda. Cheche zinaruka, kipande kinadondoka kikiwa bado moto, kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Wengine hawajisumbui hata kuitoa. Wanaichoma kwa gesi ikiwa garini mpaka chuma kilegee na gari likae lenyewe. Springi hubeba mzigo kwa kuugawa kwa mizunguko yake. Iliyokuwa na mizunguko mitano inayofanya kazi, ikibaki na minne, imekuwa ngumu kwa asilimia 25. Shokapu iliyokuwa ikiimudu ile ya zamani haiimudu hii, hivyo gari linaendelea kurukaruka baada ya shimo. Ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kiti chake. Gari likiinuliwa na jeki springi inalegea, na ukipita kwenye bonde inagonga. Zile sentimita ambazo gurudumu lilitengewa kupanda linapokutana na shimo zimeliwa, kinachobaki ni kipande cha mpira cha kuzuia, kisha chuma kwa chuma.

Kisha kuna mikono ya chini. Kwenye gari la kawaida mkono unaoshika gurudumu hulala sawa na ardhi au huinama kidogo kuelekea nje. Gari likishuka sana mkono unatazama juu, na hapo hutokea jambo linalowashangaza wengi: gari la chini linaweza kulala kwenye kona kuliko lilivyokuwa likilala likiwa juu. Matairi yanainamia ndani na kulika upande wa ndani, usioonekana ukiwa umesimama. Mwenye gari analiosha, analipaka tairi dawa ya kung'arisha, linapendeza. Siku ya pancha ndipo fundi anamwonyesha nyuzi. Ukishusha lazima urudi kwenye alaimenti, lakini alaimenti inaweza kurekebisha kile tu ambacho gari limepewa uwezo wa kurekebisha.

Anayetaka kufanya vizuri ana springi fupi zilizotengenezwa pamoja na ugumu wake, na shokapu za kuendana nazo. Mwenye fedha zaidi ana koilova, zenye nyuzi za kupandisha na kushusha kwa spana. Hizo ni gharama, na ndizo zinazotenganisha anayetaka madaha na anayetaka picha. Wa kwanza hunisumbua kidogo sana: anapita taratibu, analipia matairi yake, hamdhuru mtu. Wa pili ndiye nimkutaye saa sita usiku Bagamoyo Road, springi zimekatwa, matairi ya mtumba yamevutwa yakae kwenye rimu pana kuliko upana wake, na anakwenda 140. Ameyataka mambo mawili yasiyokaa pamoja kwa bei hiyo. Umbo la kasi analo, lakini kila kilicholiwezesha gari kwenda kasi kwa usalama amekitoa kwa grenda.

Nikiulizwa kuhusu sedani ya Dar es Salaam, nasema inchi 17, sentimita 3, springi za kununuliwa, na za zamani zihifadhiwe stoo zimefungwa kwenye kiroba, kwa kuwa mnunuzi wa mkoani ataziulizia kabla ya kuuliza bei. Vidole vitatu. Najua aliyeambukizwa hataridhika. Atanishukuru, ataondoka, na kabla ya mwezi kwisha atakuwa kwenye viwili. Siwezi kumlaumu, kwa kuwa jicho halina breki.

Disemba iliyopita, mtaa wa pili kutoka kwetu, msafara wa harusi ulikwama kwenye tuta la zege. Gari la maharusi lilikuwa Crown nyeupe ya kuazima, imelala vizuri kabisa, imefungwa maua, na ndani yake watu watano. Dereva alijaribu kwa mshazari kulia, akajaribu kushoto, kila mara tumbo likaguna. Akashuka, akachungulia, akasema kwa adabu kwamba itabidi wapungue. Bwana harusi akashuka. Shangazi akashuka akilalamika. Bibi harusi hakuna aliyethubutu kumwambia. Mpambe wake akashuka mwisho, kwenye viatu vya mchuchumio virefu kuliko vyote nilivyoviona mwaka huo, akainua gauni kwa mkono mmoja, mwingine akaushika mlango wa gari, na wakaanza kulipanda tuta lile sambamba, yeye na Crown, hatua kwa hatua, hakuna aliyemwacha mwenzake. Konda wa daladala iliyokuwa nyuma alikuwa ameshafungua mdomo. Akaufunga, akaanza kupiga makofi.